Siku Niliyowamwagia Mchwa Mafuta ya Taa

Nakumbuka vizuri alasiri ile, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku niliyofanya kazi kwa bidii kuliko siku zote na kuharibu kuliko siku zote. Nilikuwa nimejifunga leso kiunoni, mkono mmoja nina kisu cha jikoni na mkono wa pili nina kopo la mafuta ya taa, nikizunguka nyumba ya mama mkwe wangu pale Kola huku nikijisifu kimoyomoyo. Laiti angekuwepo mtu wa kunishika mkono. Lakini mama mkwe alikuwa ameenda zahanati kupimwa presha, na mume wangu, huyo baba mkwe wako, alikuwa njiani na lori kuelekea Mombasa.

Nakuhadithia haya kwa sababu ya simu yako ya juzi. Umeniambia kwamba vituo vya chambo cha mchwa ambavyo mumeo Mumo amewekewa na fundi kuzunguka nyumba yenu mpya ya Kyumbi ni hadaa tupu, kwamba wiki tatu zimepita na mchwa bado wanapanda ukutani kama wana hati ya kiwanja. Ukasema utanunua dawa ya kupuliza umalize maneno, maana Jumapili wazazi wako wanakuja kuiona nyumba. Nilikuambia usiguse kitu mpaka nikuandikie, nikakata simu. Usidhani nilikasirika. Nilikata kwa sababu nilianza kucheka, nikajisikia mimi mwenyewe nikiongea upande wa pili. Na nimeona afadhali niandike, maana kwa simu huwa unanikatiza.

Nilipoolewa katika boma lile nilimkuta Mwaitu akiishi katika nyumba ya matofali ya kuchoma aliyojengewa na marehemu mumewe. Mwaitu ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama, na mama mkwe vilevile, kwa hivyo hapa nitamwita hivyo tu. Mzee alikuwa ameyafyatua matofali yale kwa mikono yake mwenyewe, miaka miwili mizima, kabla hajafikiria habari ya paa. Mwaitu aliweza kukuonyesha ukuta uliokuwa ukijengwa alipokuwa na mimba ya kila mtoto. Nyumba yetu sisi ilikuwa hatua chache tu, kwenye mteremko chini ya kwake, lakini mchana kutwa nilikuwa kwake.

Mchwa walianza na fremu ya mlango. Siku moja Mwaitu aliiegemea akivua viatu, na vidole vyake vikazama ndani ya mbao kama ameshika mkate. Tulipoigongagonga tukakuta imebaki ganda, ndani ni udongo mtupu. Kisha vikaonekana vile vichirizi vya udongo, unavijua, vikipanda ukutani kutoka chini: kimoja nje karibu na dirisha la sebule, viwili chumbani kwa Mwaitu vikielekea kwenye paa. Tulijaribu jivu. Tulijaribu oili chafu ya gari, ile tunayopaka vigingi vya ua. Mchwa walipotea siku mbili tatu, wakatokea upande mwingine wa nyumba.

Hapo shemeji yangu mkubwa akaingilia kati. Yeye alikuwa amejenga Syokimau, nyumba ya ghorofa yenye vigae mpaka kwenye ngazi, na humo alikuwa na chumba alichomtengea mama yake. Hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Alikuwa anaogopa tu kwamba siku moja paa litamwangukia mama yake akiwa usingizini. Alituita sote akasema, "Tutajaribu dawa mara moja tu. Mvua za vuli zikiisha na mchwa bado wako, Mwaitu anakuja kwangu, na hii nyumba tunaibomoa kabla iue mtu."  Mwaitu aliangalia tu upande wa kaburi la mumewe, kule chini shambani. Aliwahi kukaa Syokimau wiki mbili, akarudi akisema kwamba kule ukitaka kumsalimia jirani unaanza kwa kusalimiana na geti.

Sasa nikuambie jambo ambalo mume wangu mwenyewe hajawahi kulisikia. Kuna siku nilitamani aende. Nilikuwa na miaka thelathini na nilijiona nimeshaiva, na hapo kuna mama mkwe anayeonja kila sufuria yangu na kukunja upya nguo nilizokwisha kukunja. Tamaa hiyo ilinijia na kuondoka, kisha nikaona haya. Sikupanga lolote. Lakini ilikuwepo, na utaona jinsi ilivyokuja kunisuta.

Shemeji alituletea fundi wa mchwa, Bwana Musau, mtu mpole mwenye sauti ya chini ambaye aliwasalimia hata mbuzi. Alitembea kuzunguka nyumba akichimba vishimo, hatua moja kutoka ukutani, na kila baada ya hatua tatu hivi kishimo kingine. Katika kila kishimo akachomeka mkebe wa plastiki wenye matundu ubavuni, ndani umejaa vipande vya mbao, kifuniko chake kikakaa sawasawa na ardhi. Vilikuwa kumi na vinne. Kwa jina la kazi ni vituo vya chambo, lakini Mwaitu aliviita vikebe siku ile ile, na vikabaki vikebe.

Mimi nilikuwa nimetarajia pampu mgongoni na harufu ya kukohoza watu. Nikamuuliza, "Sasa Bwana Musau, dawa iko wapi?"

"Bado, mama. Hii ni mbao tu. Kwanza wazoee kula hapa."

"Wazoee kula? Si umeletwa uwaue?"

Akacheka. "Hao unaona kwa ukuta ni vibarua. Ukiua mia, malkia anazaa wengine huko chini. Mimi nataka hao vibarua wenyewe wabebe dawa wapeleke nyumbani, walishe wenzao bila kujua. Ndiyo maana ni dawa ya polepole. Ikiwa ya kuua haraka, hawa watakufia hapa na wale wengine watahama."

Kisha akatupa masharti. Vikebe tusivifungue. Tusimwage karibu navyo kitu chochote chenye harufu, iwe sabuni, oili au mafuta ya taa. Na vichirizi vya ukutani tusivikwangue hata kama vinatuudhi macho, kwa sababu mchwa akisumbuliwa anabadilisha njia, na akibadilisha njia chambo kitabaki peke yake. Alirudia maneno hayo mara mbili akitutazama mimi na Mwaitu kwa zamu. Mwaitu akasema, "Nimesikia." Mimi niliitikia kwa kichwa tu, akili yangu iko jikoni kwenye githeri ya mahindi na maharagwe iliyokuwa ikikauka maji.

Baada ya mwezi na siku kadhaa alirudi, akakuta vikebe vitatu vya mbele ya nyumba vimeingia mchwa. Alifurahi mpaka akavua kofia. Akaweka chambo chenyewe, unga fulani uliokandwa na maji ukawa laini, akafunika taratibu asiwashtue. "Sasa ni kungoja," akatuambia. Mwaitu aliuchukua ungojaji ule kama kazi aliyoajiriwa. Kila asubuhi alizunguka nyumba na fimbo yake, hafungui kitu, anasimama tu juu ya kikebe na kusema, "Kuleni. Kuleni mshibe, na mbebe." Nilimcheka sana siku zile.

Halafu ikaja zamu yetu ya jumuiya. Wewe umelelewa katika kanisa lenu na huenda hujui mambo yetu Wakatoliki wa Kola. Kila wiki tunasali katika nyumba ya mmoja wetu, kwa zamu. Zamu yako ikifika hakuna anayekuambia usafishe, lakini wanawake wakiingia wakisema Tumsifu Yesu Kristo, macho yao tayari yako darini. Mwenyekiti wetu alikuwa Mama Kasyoka, na nyumba yake ilikuwa imepigwa plasta na kupakwa rangi ya krimu ndani na nje. Alikuwa na tabia ya kupitisha kidole juu ya kiti kabla hajakikalia. Sikuwa nimelala vizuri tangu zamu yetu ilipotangazwa.

Siku hiyo Mwaitu alipoenda zahanati, nilianza kupanga viti mbele ya nyumba. Kila nikivipanga, vile vikebe vitatu vinaangukia katikati ya miguu ya wageni. Nikainua macho ukutani. Kichirizi cha karibu na dirisha kilikuwa kimenenepa, kinang'aa kwa udongo mbichi, na kiti cha mwenyekiti kilikuwa kinakitazama moja kwa moja. Nikamwona Mama Kasyoka katika mawazo yangu, Rozari mkononi, macho ukutani.  Nikachukua kisu nikakwangua cha nje, nikaingia chumbani kwa Mwaitu nikakwangua viwili vya ndani, na mchwa walipomwagika sakafuni nikawafuata na maji ya moto.

Ningeishia hapo, pengine hasara ingekuwa ndogo. Lakini nilitoka nje nikafungua kikebe cha kwanza, na mwanangu, kilikuwa kimejaa pomoni. Walikuwa wanapandana humo ndani, weupe, mpaka mwili ukanisisimka. Nikajiambia kwamba fundi ametaka wafe, na hawa hapa wamejikusanya mahali pamoja, nitawapata lini tena namna hii? Nikamwaga mafuta ya taa. Nikafungua cha pili, nikamwaga. Cha tatu pia. Nilikuwa na hakika kwamba nimemaliza kwa nusu saa kazi ambayo fundi alikuwa akiizungusha miezi miwili. Nikafunika vizuri, nikafagia, nikanyunyiza maji, nikaenda kubadilisha nguo.

Jumuiya ilifana. Tuliimba, tukasali, tukanywa chai, na Mama Kasyoka alipokuwa anaaga akasema mbele ya wote, "Hapa kwenu ni pasafi kweli." Nilivimba kichwa. Mwaitu alikuwa amerudi dakika chache kabla ya sala kuanza. Alisimama mlangoni, akautazama ukuta, akavuta pumzi puani mara mbili, akaingia. Hakusema kitu mbele ya wageni, na walipoondoka pia hakusema.

Wiki mbili baadaye Bwana Musau alikuja kukagua. Alipofungua kikebe cha kwanza alirudisha kichwa nyuma. Akafungua cha pili na cha tatu. Hakukuwa na mchwa hata mmoja aliye hai, na chambo kilikuwa karibu chote pale pale alipokiweka.

"Nani amemwaga mafuta ya taa hapa?"

 Nilikuwa mtu mzima, mke wa mtu, mwimbaji wa kwaya. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Mafuta ya taa? Labda ni mvua ndiyo imeleta harufu."

Mvua, mwanangu! Haikuwa imenyesha hata tone. Vumbi lilikuwa limejaa mpaka kwenye kope za mbuzi. Bwana Musau alinitazama, akaitazama mbingu, akawa mstaarabu. Alisema tu kwamba mchwa hawajafa, wamehama, na kwamba itabidi tuwatafute upya, na hajui kama tutawapata kabla ya vuli kwisha. Mwaitu alikuwa amekaa kwenye kigoda chake anasikia kila neno. 

Wiki ile ile vichirizi vipya vikatokea nyuma ya kitanda chake, vikapanda moja kwa moja mpaka kwenye boriti iliyo juu ya mto wake. Shemeji alipopigiwa simu akasema hatangoja mvua wala nini. Jumamosi anakuja kumchukua mama, nyumba itabomolewa, na hataki kusikia neno lingine.

Ijumaa alasiri nilimkuta Mwaitu amekaa kitandani, sanduku liko wazi miguuni pake, ndani ameweka nguo mbili tu na picha ya mumewe. Akanipigia godoro kwa kiganja.

"Mama Mumo, keti hapa. Nataka nikuulize kitu, na uniambie ukweli. Unataka niende Syokimau?"

Nikasema hapana, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

"Mimi niko na pua," akasema. "Siku ya jumuiya nilisikia mafuta ya taa kutoka kwa mlango. Nikanyamaza. Nikasema, huyu ataniambia mwenyewe. Fundi amekuja, ukamwambia ni mvua. Sasa nimekaa hapa nikiwaza, huyu msichana amechoka na mimi, anataka niende, na hajui vile atasema. Kama umechoka, sema tu, mwiitu wakwa. Sitakasirika. Hata mimi nilichoka na mama mkwe wangu."

Aliniita binti yangu kwa Kikamba, na hapo nililia, si kulia kwa adabu, nililia mpaka nikakosa pumzi. Nilimwambia yote. Nilimwambia kwamba ndiyo, kuna siku nilitamani aende, na kwamba nilijichukia kwa hilo. Lakini mafuta ya taa sikumwaga kwa sababu hiyo. Niliyamwaga kwa sababu niliona aibu Mama Kasyoka akiona vichirizi ukutani.

Akanikazia macho. "Kasyoka?"

"Ndiyo, Mwaitu."

"Asi! Nyumba yangu inabomolewa sababu ya Kasyoka?" Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, na mimi na machozi yangu nikaanza kucheka pia. Kisha akaacha ghafla, na sauti aliyotumia baadaye sijaisahau mpaka leo.

"Sikiza. Hao wanawake wamekaa hapa saa moja wakaenda kwao. Mimi ndio nalala chini ya hii boriti. Ulikuwa unasafishia nani? Fundi amesema kitu kiachwe kionekane ndio atibu, wewe unakwangua ndio watu wasione. Na hata hayo mafuta ya taa, ningekusamehe siku hiyo hiyo. Kukosea kila mtu anakosea. Ile ya mvua ndiyo imeniuma."

 Akachukua simu yake, ile ndogo ya vibonyezo, akanipa. "Pigia shemeji yako. Mwambie kwa mdomo wako mwenyewe, na usiweke mvua ndani."

Sijawahi kupiga simu nzito kama ile. Nilimwambia shemeji kwamba dawa haikushindwa, mimi ndiye niliyeiharibu, na kwamba mama yake anaondolewa nyumbani kwa kosa langu.  Akasema, "Lakini shem, kwa nini hukusema?" Jumamosi alikuja kama alivyoahidi, ila ndani ya gari alikuwa na Bwana Musau na nguzo mbili. Waliitegemeza boriti ile kwa nguzo, wakahamishia kitanda cha Mwaitu sebuleni, na shemeji akasema sawa, tutangoja mpaka mwisho wa mvua za masika. Nilipomwomba Bwana Musau msamaha alitabasamu. "Nilijua haikuwa mvua, mama," akasema, akaendelea kuchimba. Alivitoa vikebe vile vitatu vilivyonuka, akaweka vingine sehemu nyingine kabisa.

Unadhani Mwaitu aliniachia hapo? Hukumjua. Jumapili baada ya misa alimwendea Mama Kasyoka akamwambia kwamba mwezi ule jumuiya irudi kwetu, tunaomba tena zamu. Wakati huo vichirizi vilikuwa vimerudi ukutani, virefu, vinne au vitano. Nilimsihi aniruhusu nitundike leso tu juu yake. Akakataa. Wanawake walipomaliza sala, kabla ya chai, Mwaitu alisimama, akaelekeza fimbo yake ukutani. "Hivi mnaona ni vya mchwa. Tumeambiwa tusivishike, kwa sababu hao mchwa ndio watakaobeba dawa. Kwa hivyo msishangae, na mtoto wa mtu asiguse."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mwanamke mmoja akauliza vile vifuniko vya chini ni vya nini. Mwingine akasema ghala lake limeliwa nusu na alikuwa hajui aanzie wapi. Chai ilipoa tukiongea habari za mchwa. Mama Kasyoka peke yake alikuwa hasemi kitu. Lakini alipokuwa anaondoka alinivuta nyuma ya tangi la maji, akaangalia huku na huku, akaninong'oneza kama naweza kumpa nambari ya simu ya yule fundi. Mchwa walikuwa wamekula fremu ya mlango wake wa sebuleni, nyuma ya kochi. Ile rangi ya krimu alikuwa ameipaka juu yake mara ya tatu.

Kungoja kulikuwa kurefu, sitakudanganya. Vuli ilikuja na kwisha. Mchwa walipatikana tena upande wa nyuma, karibu na bafu, na Bwana Musau akaweka chambo, wakakila, akaongeza, wakakila tena. Mimi nilijifunza kupita karibu na kikebe bila kukifungua, na hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko kulima. Polepole vichirizi vikaacha kung'aa. Siku moja katikati ya masika Bwana Musau alikivunja kimoja kwa kidole mbele yetu. Ndani hakukuwa na kitu. Akatuambia tungoje wiki nzima tuone kama watakuja kukiziba, na wiki ikaisha pengo likiwa vile vile. Shemeji akaja na nyundo, akagonga kila mbao ya paa, boriti mbili na fremu zikabadilishwa, maana chambo kinaua mchwa lakini hakirudishi mbao iliyokwisha kuliwa. Alipomaliza akashuka ngazi, akapangusa mikono, akasema, "Haya, Mwaitu. Kaa."

Mwaitu hakusema asante kwake. Alikuja kwangu, akaifungua mikono yangu yote miwili, akaitemea mate kidogo viganjani, kama wazee wetu walivyokuwa wakibariki, akaifunga tena. Alikaa katika nyumba ile miaka tisa zaidi, akafia humo, kitandani pake, mimi nikiwa nimemshika mguu. Nilikuwa nimempenda kufikia hapo. Tangu ile Ijumaa hatukuwahi kufichana kitu, hata chumvi ikizidi aliniambia na nilimwambia.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Usipulize dawa. Usifungue vikebe kuangalia, mwachie fundi wako siku zake. Vichirizi viache ukutani, toa kuni na maboksi yaliyoegemea nyumba, ziba bomba linalovuja, kisha ngoja, na kama ni miezi iwe miezi. Jumapili mama yako akiuliza ni nini kile ukutani, mwambie ni mchwa na tunawatibu, halafu mpe chai. Na katika ndoa yenu fanyeni vivyo hivyo. Kuna mambo yatakayoanza kuwala kimyakimya, na utajaribiwa kuyakwangua ili wageni wasione. Usimsafishie mgeni wa saa moja na kumwacha anayelala chini ya boriti. Yaache mahali ambapo mtu anayeweza kuyatibu atayaona.

Jambo la mwisho. Nilipokuuliza kwenye simu kama umefungua kikebe hata kimoja, ulisita, kisha ukasema kuna joto sana Kyumbi siku hizi. Mimi niko na pua, mwanangu. Kama umeshamwaga kitu, hujaharibu nyumba, wala hujaharibu lolote kati yangu nawe. Mwambie Mumo leo, kabla fundi hajaja, na usiweke joto ndani.

Mungu awalindie paa lenu na mikono iliyolijenga. Akupe wageni wengi na uwafungulie mlango bila hofu, na akupe, ndani ya nyumba hiyo, watu ambao unaweza kuwaambia ukweli ukingali mchungu, na wakakupenda. Ubarikiwe, binti yangu.